Ndege Wawili wa Bonde la Mafunjo

Mume wangu alinionyesha ndege kabla hajanionyesha jiko. Tulikuwa tumefika jana yake jioni kwa lori la serikali tukitokea Biharamulo, magodoro na masufuria yamefungwa kamba, na asubuhi, badala ya kufungua mizigo, akaniambia nivae viatu vya shamba nimfuate. Yeye alikuwa bwana misitu, amehamishiwa Ngara. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimemfuata mume. Nyumba tuliyopewa ilikaa juu ya bonde, nje kidogo ya barabara ya Rulenge. Chini yake kulikuwa na shamba la mihogo, chini ya mihogo migomba ya jirani, na chini kabisa mafunjo, marefu kuliko mtu, yamesongamana ndani ya maji kiasi kwamba ng'ambo huioni.

"Nyamaza usikilize," akasema.

Nikasikia ndege akilia. Kwanza mlio mzito, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu, na papo hapo mkwaruzo mkali, kama mtu anayekwangua sufuria lililoungua.

"Nimemsikia," nikasema. "Tunaweza kurudi? Sijui hata chumvi iko wapi."

"Umesikia wangapi?"

"Mmoja."

"Ni wawili. Dume anaita, jike anaitika. Anaitika upesi mno, ndiyo maana unadhani ni mdomo mmoja."

Sikumwamini mpaka siku ya tatu au ya nne, walipojitokeza wote wawili juu ya mafunjo yaliyoinama. Mgongo mweusi, mstari mweupe kwenye bawa, tumbo jekundu la kukoza, na utosini rangi ya manjano kama ndizi iliyoiva vizuri. Nilisimama na ndoo yangu mkononi nikasahau kisima kilichonipeleka bondeni.

Mimi nimezaliwa Nyamahanga. Kwetu ndege alikuwa mwizi wa mtama, unamfukuza kwa kelele na mawe. Sikuwahi kumwona mwanaume mwenye ndevu akishuka bondeni asubuhi kumsalimia ndege, akirudi na suruali imelowa mpaka magotini na uso umechangamka. Nilidhani ni kichaa kidogo ambacho wakwe zangu hawakuniambia wakati wa posa. Baadaye nikaelewa. Ndege yule haishi popote ila kwenye mafunjo. Haendi migombani, haendi msituni, hata kichaka cha kawaida hakitaki. "Watu wakikata msitu, ndege wengine wanahama," mume wangu alikuwa akisema. "Huyu ukikata mafunjo umemvua nguo barabarani." Na bonde letu lilikuwa limeanza kukatwa zamani, kidogo kidogo, na wenyeji waliotaka kupanda viazi vitamu na maharage ya kiangazi. Alipofika yeye, bonde zima lilikuwa na jozi chache tu, na alijua kila jozi inakaa wapi.

Kisha watu wakaanza kuvuka daraja la Rusumo, wakikimbia mauaji ng'ambo ya mpaka.

Nilikuwa darasani. Watoto walisimama wakaenda madirishani, sikuwazuia, nami nikaenda. Barabara ilikuwa imejaa mpaka kingo zake hazionekani: magodoro vichwani, mbuzi, baiskeli zinazosukumwa, watoto waliofungwa migongoni mwa watoto. Hakukuwa na kelele. Hilo ndilo lililotutisha, umati mkubwa namna ile usio na kelele. Baada ya wiki chache kilima kilichotazamana na shule, ambacho sisi tulikijua kwa nyasi na vichaka vyake, kiligeuka bluu kwa maturubai na kijivu kwa moshi. Moshi ule ulikaa. Nilikuwa nikifua shuka, nikizianua zinanuka moshi wa majiko ya watu nisiowajua.

Hatukumuuliza mtu huko alikotoka alifanya nini. Tulisikia kwamba wengine walikuwa na damu mikononi. Wengi walikuwa wamekimbia tu, kama ambavyo mimi au wewe tungekimbia, na kwa macho huwezi kuwatenganisha. Watu wa kando ya mto, walioona kilicholetwa na maji, waliacha kula samaki kwa muda mrefu, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu.

Kazi ya mume wangu ilimshinda ndani ya mwezi. Mahindi na maharage ya msaada yalikuwa makavu, yanataka kuchemka nusu siku, na kila jiko lilitaka kuni. Alikuwa akirudi jioni anakaa ngazini, anavua buti, ananiambia upande gani wa kilima umebaki bila mti. Shirika moja likampa rangi nyeupe apige mistari kwenye miti isiyotakiwa kukatwa. Akapiga siku nzima. Aliporudi baada ya siku kadhaa alikuta visiki, na karibu na kisiki kimoja gome lenye rangi limebanduliwa vizuri na kuwekwa kando, kama mtu aliyevua kofia kabla ya kuingia ndani. Alinisimulia akicheka. Kisha akaacha kucheka, akaniambia, "Huwezi kumwambia mama mwenye mtoto ale maharage mabichi."

Miti ilipokwisha, wakashuka bondeni kufuata mafunjo. Mafunjo ni mkeka, ni paa, ni mlango, ni ua wa choo. Yakikauka yanawashia moto pia, ingawa yanaungua kama karatasi. Asubuhi nilikuwa nikiona wanawake wakishuka kwa mstari na miundu yao, na adhuhuri wakipanda na mizigo ya kijani iliyowazidi urefu.

Mmoja wao alikuja mlangoni kwangu mkono wake ukitoka damu. Ubua wa mafunjo una ncha inayokata kama wembe. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwembamba, kitambaa kimefungwa chini sana usoni. Alinisalimia "Mwaramutse," nami nikamjibu kwa Kisubi, lugha ya kwetu, na tukagundua kwamba tukisema polepole tunaelewana: neno langu moja, lake moja, Kiswahili katikati pale tulipokwama. Nikamwoshea mkono kwa maji ya chumvi. Hakukunja uso. Aliniuliza kama ndimi mke wa yule bwana wa miti, nikakiri. Akasema, "Basi una kazi nyumbani," tukacheka.

Baada ya hapo alizoea kupita. Aliniita mwarimu, kwa r, kama wasemavyo kwao. Aliishi kambini na mama mkwe wake. Mumewe walipotezana naye kabla ya daraja, katika msongamano, alirudi nyuma kumtafuta mbuzi au kumtafuta mtu, hakuwa na hakika, na hakuonekana tena. Alinieleza hivyo mara moja tu, akisuka, bila kuinua macho. Mikeka alijua kusuka tangu utotoni. Alikuwa akikaa kivulini kwangu, chini ya ukuta wa jiko, akipasua mabua kwa meno, na mimi nikisahihisha madaftari, na mara nyingi saa nzima ilipita bila neno, na haikuwa ngumu.

Siku moja nilitoka shuleni nikamkuta ameketi ngazini kwangu, mikono mitupu.

"Mwarimu, bwana wako amechukua mundu wangu."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye. Nitamsubiri hapa hapa."

Nikaingia nikapika. Yeye akakaa. Mume wangu alipopanda kutoka bondeni, mundu mkononi, alimwona kwa mbali na mwendo wake ukapungua. Mwanamke akasimama. Ilibidi nisimame katikati yao, kwa sababu Kiswahili chake hakikutosha kwa ugomvi, na Kihaya cha mume wangu hakikufika mbali.

"Nimemkataza mara nyingi kukata upande ule wa kisima," mume wangu akasema. "Mwambie."

Nikamwambia. Naye akasema, "Mama mkwe wangu analala chini. Mvua ikinyesha maji yanapita chini ya turubai, yanapita chini yake. Mundu akiuchukua, aje mwenyewe amwambie yule bibi alale juu ya nini."

Nikatafsiri. Mume wangu akatazama buti zake. "Kuna ndege mle," akasema. "Ana makinda."

Nilipotafsiri, mwanamke akanigeukia. "Amesema ndege?"

"Ndege."

"Mwarimu, umesikia vizuri?"

"Nimesikia vizuri."

Nilingoja akasirike, na ningemwelewa. Badala yake akauliza, "Ndege gani?"

Mume wangu hakuwa na jina la kumwambia. Akaweka midomo yake sawa akapiga ule mlio mzito, wa chupa tupu. Na yule mwanamke, bila kufikiri, akaitika kwa ulimi wake: mkwaruzo ule ule, upesi ule ule, hata nafasi ya sindano haikubaki katikati. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakanitazama mimi, kama watoto waliokamatwa jikoni.

"Huyu yupo kwetu," akasema. Alikaa tena ngazini. "Yupo bondeni chini ya nyumba ya baba yangu. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunamjibu, anakasirika, anakuja kututafuta." Akataja jina lake kwa lugha ya kwao, jina refu, na nasikitika kwamba nimelisahau. Nililirudia siku ile mara kadhaa nisilipoteze, nikalipoteza.

Mume wangu akamrudishia mundu. Akamwomba aache sehemu ya katikati, kuanzia kisima mpaka kwenye mti ulioanguka, angalau mpaka makinda yaruke, akate kwingine kote. Mwanamke akasema yeye ataacha, na ataongea na wenzake, lakini asimlaumu wakikataa.

Alikwenda kuongea nao. Wengine walikubali kwa sababu yake, si kwa sababu ya ndege. Wengine walimwambia kwamba watu wamekufa na yeye anazungumza habari za ndege, na wakamuuliza bwana misitu amempa nini. Hilo la mwisho lilimuuma. Alikuja akanisimulia akitazama pembeni. Nilimwambia aachane nalo, akate anapotaka, nitasema na mume wangu. Akajibu, "Nimeshasema nitaacha." Basi tangu siku hiyo alizunguka na njia ndefu, akikata upande wa barabara ambako mafunjo yalikuwa mafupi na machafu kwa vumbi la malori, na mikeka yake ikawa mifupi vilevile.

Makinda yaliruka. Mume wangu aliyaona, rangi yake bado imefifia, yakiwafuata wazazi na kupiga kelele za njaa. Jioni ile alikuwa na furaha ya kijinga. Alichinja jogoo, akasema tumwite jirani yetu yule wa kambini. Akaja na mama mkwe wake, ajuza mdogo aliyenyooka kama fimbo, ambaye kila nilipomwamkia "Shikamoo, bibi" alinishika mikono yote miwili na kunijibu kwa sala ndefu ya kwao, ndani yake nikilisikia jina la Imana tu, kwa maana Mungu tunamwita hivyo hivyo pande zote.

Kiangazi kilichofuata bonde liliwaka. Sijui nani aliwasha. Wenyeji huchoma kusafisha mashamba, wavuvi wa kambare huchoma ili wapite, wakimbizi hupika, na siku ile upepo ulikuwa mkali. Mafunjo yaliyokauka yalilia kama risasi, na kambini watu walianza kukimbia kwa kudhani ni risasi kweli. Mume wangu na vijana wa kijiji walipiga moto kwa matawi mabichi mpaka nyusi zikaungua. Kilichopona ni kipande kilichokuwa na maji, upande wa kisima, si kikubwa kuliko uwanja wa shule yangu.

Asubuhi iliyofuata tulishuka wote wawili. Majivu yalikuwa bado ya moto. Tulisimama pale pale aliponisimamisha mara ya kwanza, na tukasikia ule mlio mzito, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Nilingoja mkwaruzo. Mume wangu alikuwa amefumba macho. Dume aliita, akatulia, muda ule ule ambao jike angeujaza, kisha akaita tena. Alikuwa anaacha nafasi.

"Labda yuko mbali," nikasema.

"Labda," akasema.

Alikuwa ameshaandikia watu wa mashirika juu ya bonde, zaidi ya mara moja. Safari hii akaja mtu: mwanamke Mzungu wa makamo, mtaalamu wa ndege, aliyekuja wilayani kwa shughuli ya kutazama mazingira ya kambi. Alisema Kiswahili kizuri, cha kujifunza darasani, kama changu mwenyewe. Alikaa kwenye benchi letu akinywa chai, na rafiki yangu alikuwa kivulini pake akisuka. Mume wangu alimweleza bonde lote, toka mwanzo. Mgeni alisikiliza bila kumkatiza, na nilimpenda kwa hilo.

"Na sasa nataka kujua," mume wangu akamaliza, "mmemweka wapi ndege huyu katika vitabu vyenu."

"Kuna ngazi," mgeni akasema. "Kuna ndege ambao hatuna wasiwasi nao, kama njiwa. Kuna walio karibu na hatari. Kuna walio hatarini. Na kuna walio hatarini sana, ambao wakipotea kidogo tena, basi."

"Na huyu?"

"Huyu yuko karibu na hatari. Bado ana mabonde Uganda, ana mabonde kando ya ziwa, Kenya, Burundi. Yanapungua, lakini yapo."

"Na hapa?"

Mgeni alitazama chini bondeni, kwenye ule weusi. "Kama dunia ingekuwa bonde hili, ningesema hatarini sana, tena leo. Lakini ngazi hupangwa kwa dunia nzima."

"Kwa hiyo hakuna atakayekuja."

"Nisikudanganye. Kule milima ya Usambara kuna ndege mdogo wa kijivu, anaimba msituni juu, karibu hana mahali pengine. Yeye yuko hatarini sana. Watu wachache tulio nao, tunawapeleka kwake kwanza."

Mume wangu si mtu wa kupaza sauti. Siku hiyo alipaza. "Kwa hiyo wa kwetu mnasubiri naye abaki mmoja?"

"Wakati mwingine ndivyo inavyokuwa," mgeni akasema. "Hatujivunii."

Rafiki yangu aliniuliza wanabishana nini, nikamweleza nilivyoweza, ngazi na yote. Alifikiri, ubua ukiwa mdomoni. Kisha akasema, "Hata sisi walitupanga hivyo siku tulipofika. Wagonjwa mbele, kisha wenye mimba, kisha wazee. Mimi nilikuwa na nguvu, nikakaa mwisho." Hakusema kwa uchungu. Nilimtafsiria mgeni, naye akaweka kikombe chini.

Kesho yake asubuhi tulishuka wote wanne. Mgeni alibeba kinasa sauti begani, chenye kanda ya ndege wa aina ile aliowanasa kwingine. Alitueleza kwamba ataipiga, na kama jike bado yupo, atakuja na mumewe kuwafukuza wageni, na hivyo tutajua. Ndiyo njia wanayoitumia. Mume wangu akaafiki.

Akabonyeza. Ukatoka ule mlio wa chupa tupu na mkwaruzo wake, safi kabisa, wawili kama mmoja.

Dume alikuja kabla kanda haijarudia. Alitoka ndani ya mafunjo yaliyobaki kama jiwe lililorushwa, akatua juu ya bua jeusi karibu nasi kuliko alivyowahi kutua, manyoya ya utosi yamesimama. Akaita. Sanduku likaitika, mkwaruzo ule. Akaruka upande mwingine, akainama, akatazama chini kati ya mabua, akaita. Sanduku likaitika. Akaja karibu zaidi. Alikuwa anatafuta. Hakuwa na hasira, mtu yeyote aliyekuwa pale angeona kwamba si hasira.

Rafiki yangu alinishika mkono juu ya kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi, viliniumiza.

"Mwambie azime," akasema.

"Anataka kujua kama..."

"Mwarimu, mwambie azime. Anamdanganya."

Sikuhitaji kutafsiri. Mgeni alikuwa amegeuka kumtazama, na mkono wake ulikwenda kwenye kitufe wenyewe. Kukawa kimya. Dume akaita mara moja tena, akaacha ile nafasi yake, akatulia juu ya bua. Rafiki yangu alikuwa ameshaanza kupanda mlima, haraka, bila mzigo, na kitambaa chake kimeanguka shingoni. Nilimfuata. Nilipomfikia hakulia. Alisema tu kwamba alikuwa na mambo ya kufanya kambini, nami nikatembea naye mpaka barabarani, na tukaagana kama siku nyingine zote.

Mgeni aliondoka adhuhuri. Kabla ya kuingia kwenye gari aliniomba nimwombee msamaha kwa yule mama, na nilifanya hivyo. Rafiki yangu akasema, "Alitaka kujua kama yule jike yupo. Hakukosea." Akaendelea kusuka.

Dume aliendelea kuita mpaka mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia. Mume wangu hakuniambia alipoacha. Nilijua kwa sababu asubuhi moja niliamka nikamkuta bado kitandani jua limeshatoka, amelala chali, buti zake kavu mlangoni.

Wakimbizi waliambiwa waondoke mwishoni mwa mwaka mwingine, wote, warudi kwao. Wengi waliogopa, wakaanza kutembea kinyume, kuelekea Biharamulo, wakidhani watajificha kwenye pori. Kwetu Nyamahanga dada yangu aliwaona wakipita mashambani usiku na mchana. Kisha askari wakawageuza, na barabara ikajaa tena kama ile siku nilipotazama dirishani, ila sasa inaelekea upande wa pili.

Nilisimama kando ya barabara na ndoo ya maji na sinia la mihogo ya kuchemsha, kama majirani zangu wengi. Nilisimama tangu asubuhi. Nilianza kuamini nimempoteza katika umati, na ndipo ajuza akanishika mikono kabla sijamwona. Miguu yake ilikuwa imevimba. Rafiki yangu alikuwa nyuma yake na sufuria, turubai lililokunjwa na mkeka.

Nilimpa maji ajuza kwanza. Wakakaa kwenye nyasi. Askari mmoja alipita akasema twende, mama, twende, lakini kwa upole, akaendelea mbele.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Ndiyo." Alikula muhogo taratibu. "Sijui nani yuko kwenye nyumba. Sijui kama nyumba ipo. Sijui nitamkuta nani aniulize nilikuwa wapi." Alimtazama mama mkwe wake. "Huyu anasema mwanawe ametangulia kufika, anatusubiri. Anasema hivyo tangu jana."

"Na wewe?"

"Mimi namwacha aseme. Anatembea vizuri akisema hivyo."

Nikamfungia mihogo iliyobaki kwenye kanga yangu. Akaniambia nimsalimie bwana wa miti. Mume wangu alikuwa kilimani siku hiyo, amepelekwa kuhesabu uharibifu. Aliposikia baadaye kwamba amepita, alikaa ngazini, akaniuliza kama walikuwa na viatu. Ajuza alikuwa navyo. Yeye hakuwa navyo.

Sikupata habari zake tena. Niliuliza kila nilipopata mtu anayevuka Rusumo, madereva, wauza kahawa, lakini unamuuliziaje mtu ambaye humjui kwa jina la baba wala kilima cha kwao? Nilikuwa nimemwita rafiki, naye ameniita mwarimu, na hatukuona tunahitaji zaidi.

Kilima kilipobaki kitupu, wilaya ilianza kupanda miti. Mume wangu alianzisha vitalu nyuma ya shule, na kila jioni baada ya kipindi cha mwisho tulimwagilia, mimi na walimu wenzangu na wanawake wa kijiji. Bondeni hakuna aliyepanda kitu. Mafunjo yalirudi yenyewe, misimu miwili tu ya mvua, mazito kuliko zamani, mpaka ukisimama juu usingejua kwamba paliwahi kuungua. Mume wangu alikwenda kusikiliza mwaka wa kwanza, na wa pili, asisikie kitu. Alisema ndege wale hawaruki mbali, na mabonde ya katikati ambayo wangepitia sasa ni mashamba. Katika ngazi ya yule mgeni hakuna kilichosogea kwa sababu yetu. Ndege bado alikuwa karibu na hatari, na ilikuwa kweli, maana mabonde mengine yalikuwepo.

Tulihamishwa kurudi Biharamulo mtoto wetu wa pili alipokuwa akitambaa. Siku ya kufunga mizigo wenyeji wawili, mtu na mkewe, walikuja na majembe kumwuliza mume wangu kama wanaweza kufungua shamba la viazi upande wa kisima. Walikuwa na watoto wengi na ardhi ndogo. Sheria ilimruhusu kukataa. Alishuka nao bondeni, nikawaona wakizunguka kwa muda, yeye akionyesha kwa mkono. Aliporudi alisema amewapa kipande cha juu, pakavu, penye kazi zaidi ya kulima, na amewaambia cha chini wakiache, na kwamba wamekubali.

"Umewaambia sababu?"

"Nimewaambia maji," akasema. "Chanzo cha maji. Hilo mtu yeyote anakubali."

Akainua upande wake wa kabati, nami nikainua upande wangu, tukalipeleka kwenye lori.